Kadi imepita, lakini kodi je? Akaunti za afya za Marekani na sindano za kupunguza uzito

Jumamosi moja asubuhi nilipokea ujumbe wa sauti wa sekunde kumi na mbili. "Kaka, kadi imepita! Nimelipia ile sindano kwa kadi ya HSA, wala haikuniuliza kitu. Kumbe inaruhusiwa." Aliyeutuma ni dada mmoja wa Tanga, anafanya kazi ya kuhudumia wazee huko Minneapolis, Marekani, na HSA anayoisema ni akaunti ya akiba ya afya ya huko. Yeye alikuwa na furaha, mimi nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, na sikutaka kumwaga hata kimoja. Nikamjibu taratibu kwamba kadi kupita ni jambo moja, kuruhusiwa ni jambo jingine.

Tangu hapo swali hilo nimelisikia mara nyingi, arusini, msibani, hata kwenye foleni ya pilau. Watu wanaanza kwa kunong'ona, maana kupungua kwa sindano bado kuna aibu zake, kisha wanafika kwenye lililowaleta: hizi pesa za afya zinazokatwa kwenye mshahara, naweza kununulia dawa ya kupungua? Jibu fupi ni ndiyo, kwa walio wengi. Jibu refu ndilo lenye kazi, kwa sababu linategemea kwa nini umeandikiwa dawa, ni akaunti ya aina gani unayo, na risiti yako inasema nini.

Tuanze na pesa yenyewe. Marekani, kabla mshahara haujaingia benki, hukatwa kodi ya mapato ya serikali kuu, kodi ya jimbo kwa majimbo yanayotoza, asilimia 6.2 ya Social Security, yaani hifadhi ya jamii, na asilimia 1.45 ya Medicare, bima ya afya ya wazee. Akaunti za afya kwa kawaida hukuruhusu kutenga sehemu ya mshahara kabla makato hayo hayajapita. Hakuna mtu anayekuchangia hapo, labda mwajiri mkarimu. Ni jasho lako mwenyewe, ila halijakatwa. Ndiyo maana nachoka nikisikia mtu anasema "dawa nimeipata bure kwa HSA." Hujapata bure. Umeilipia kwa shilingi nzima badala ya shilingi iliyokwisha kumegwa.

Tupige hesabu. Wegovy, sindano ya kupunguza uzito yenye dawa iitwayo semaglutide, ya kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark, iliidhinishwa Marekani Juni 2021 ikiwa na bei ya orodha ya dola 1,349 kwa mwezi. Machi 2025 kampuni ilianza kuwauzia moja kwa moja wasio na bima ya dawa hiyo kwa dola 499, na Novemba mwaka huo huo ikashusha hadi 349. Bei hizi hubadilika kulingana na kipimo cha dozi na msimu wa ofa, lakini tuishike hiyo 349. Kwa mwaka ni dola 4,188. Mfanyakazi anayetozwa kodi ya mapato ya asilimia 12, ukijumlisha na asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare, anaokoa takriban dola 823 akilipa kupitia akaunti badala ya mfukoni. Wa daraja la asilimia 22 anaokoa kama 1,242. Yaani mwenye kipato kikubwa ndiye anayepata punguzo kubwa, kwa dawa ile ile, kwenye dirisha lile lile la duka la dawa. Mfumo umejengwa hivyo tangu mwanzo, na mimi sioni kama ni haki, lakini ndivyo ulivyo.

Akaunti ni mbili kuu, na watu huzichanganya kwa sababu zote huja na kadi ya plastiki inayofanana na ya benki.

HSA ni yako. Ukihama kazi unaondoka nayo, mwaka ukiisha pesa inabaki, na ukipenda unaweza kuiwekeza ikakua. Sharti lake ni kwamba lazima uwe na bima ya aina maalumu, ile ambayo kila mwaka unajilipia kiasi kikubwa wewe mwenyewe kabla bima haijaanza kuchangia. Kwa 2026 kiasi hicho cha kujilipia hakipungui dola 1,700 kwa mtu mmoja na 3,400 kwa familia, na unaruhusiwa kuweka kwenye akaunti hadi dola 4,400 ukiwa peke yako au 8,750 kwa bima ya familia, na 1,000 zaidi ukishatimiza miaka 55. Ndugu zetu wanaoendesha Uber na malori kwa kujitegemea wana habari njema hapa: kuanzia 1 Januari 2026, bima za ngazi ya Bronze, ile ya malipo madogo ya kila mwezi, zinazonunuliwa kwenye soko la bima la serikali zinakubalika kwa HSA. Ila aliyejiajiri huokoa kodi ya mapato tu. Ile ya Social Security na Medicare anailipa kama kawaida.

FSA, akaunti ya matumizi ya afya, ni ya mwajiri. Unachagua kiasi mwanzoni mwa mwaka, kisichozidi dola 3,400 kwa 2026, kinakatwa kidogo kidogo kila malipo ya mshahara, na usipokitumia kinapotea. Baadhi ya waajiri huruhusu kuvusha hadi dola 680 kwenda mwaka unaofuata, wengine huongeza miezi miwili na nusu ya kumalizia, na wengine hawatoi chochote kati ya hivyo. Lakini FSA ina siri moja tamu ambayo wafanyakazi wengi hawaijui: kiasi chote ulichochagua kinapatikana siku ya kwanza. Tarehe 2 Januari, ukiwa hujakatwa hata senti, unaweza kulipia dawa ya bei kubwa. Na ukiacha kazi Aprili, mwajiri haruhusiwi kukudai tofauti. HSA haina hilo. Huko unatumia kilichokwisha kuingia tu.

Kuna mtego kati ya hizi mbili. Mume akiwa na FSA ya kawaida kazini kwake, na FSA hiyo inaweza kulipia matibabu ya mke, basi mke haruhusiwi kuchangia HSA yake, hata kama bima yake inakidhi masharti yote. Hakuna atakayewapigia simu kuwaambia. Kompyuta ya kazini kwa mke itaendelea kukata, na kosa litaonekana siku ya kujaza fomu za kodi, kama wana bahati ya kupata mjazaji makini.

Sasa tuje kwenye kiini. Sheria ya kodi ya Marekani haiulizi kama dawa ni Wegovy au Zepbound, sindano nyingine ya kupungua. Inauliza kama gharama ni ya kutibu, kuzuia au kupunguza ugonjwa. Kwa miaka mingi mamlaka ya kodi, IRS, iliuchukulia mwili mnene kama suala la afya kwa ujumla, sawa na mtu anayetaka kujisikia vizuri, na gharama za aina hiyo hazipati nafuu. Mwaka 2002 ikatoa uamuzi uliogeuza mambo: unene uliopindukia wenyewe ni ugonjwa, na mtu ambaye daktari amemgundua nao, au ana ugonjwa mwingine kama presha na ameagizwa kupungua kwa ajili hiyo, gharama zake za programu ya kupunguza uzito ni gharama za matibabu. Wakati ule dawa hizi za sindano hazikuwapo. Mlango ulikuwa umeshafunguliwa zilipofika.

Kwa hiyo mtu ambaye kipimo chake cha BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ni 30 au zaidi, daktari amemwandikia unene kama ugonjwa na akamwandikia sindano, huyo yuko mahali salama. Vivyo hivyo mwenye 27 na kuendelea aliye na presha, kisukari aina ya pili au maradhi mengine yanayoletwa na uzito. Hivyo pia ndivyo vigezo ambavyo FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilivitumia kuiidhinisha Wegovy. Hata aliyeandikiwa Ozempic, ambayo kibali chake cha Desemba 2017 kilikuwa cha kisukari, kwa ajili ya unene, hatiwi hatiani na jina la dawa. Madaktari wa Marekani wanaruhusiwa kuandika dawa nje ya kibali chake, na kodi inaangalia ugonjwa unaotibiwa.

Asiye salama ni yule mwenye BMI ya 24 anayetaka kupunguza kilo tano kabla ya harusi ya mdogo wake ili gauni la dera lisibane. Anaweza kumpata daktari wa mtandaoni wa kumwandikia, anaweza kuinunua, na kadi itapita. Lakini ugonjwa haupo, na saini ya daktari haiumbi ugonjwa.

Ukitaka kuona jinsi sababu inavyotawala kila kitu katika nchi hii, itazame sheria iliyoizaa HSA. Rais George W. Bush aliitia saini 8 Desemba 2003. Sehemu yake kubwa ilihusu kuwapa wazee wa Medicare bima ya dawa kwa mara ya kwanza, na bima hiyo iliacha nje dawa zinazotumika kupunguza uzito. Sheria moja, siku moja: kijana akawekewa akaunti ambayo baadaye ingemlipia Wegovy, na bibi yake akanyimwa bima ya dawa hiyo hiyo. Machi 2024 FDA ilipoongeza kibali cha Wegovy kwa watu wanene wenye ugonjwa wa moyo, ili kupunguza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi, Medicare ikafungua njia kwa wazee hao. Sindano haikubadilika hata tone. Kilichobadilika ni neno lililoandikwa kwenye karatasi.

Hapo ndipo ninaporudi kwa dada yangu wa Minneapolis na kadi yake iliyopita. Kadi ya HSA ni kadi tu. Mashine ya duka la dawa inatambua kwamba hapa ni duka la dawa, basi. Mwisho wa mwaka benki inayotunza akaunti huipelekea IRS jumla ya ulichotoa, bila kueleza umenunua nini. Wewe ndiye unayetamka, kwenye fomu namba 8889, ni kiasi gani kilikuwa cha matibabu halali. Ukikaguliwa, wewe ndiye unayetoa ushahidi. Na ukishindwa, pesa ile inahesabiwa kama kipato na kutozwa kodi, pamoja na faini ya asilimia 20 kama hujatimiza miaka 65. Chukua dola 2,000 zilizotumika vibaya na mtu wa daraja la asilimia 12: kodi 240, faini 400, jumla 640.

FSA ina tabia tofauti, na hapa ndipo watu huilaumu bila sababu. Msimamizi wa FSA analazimika kuhakiki kila malipo, kwa hiyo mara nyingi atakuandikia akitaka risiti yenye jina la mgonjwa, tarehe, jina la dawa au huduma, kiasi, na nani aliyetoa huduma. Kile kikaratasi cha mashine ya kadi hakimtoshi. Kwa dawa za kupunguza uzito, wengi huomba pia barua ya daktari inayotaja ugonjwa na kueleza kwa nini dawa inahitajika. Inaudhi, lakini mwenye FSA akipitishwa huwa amekwisha kukaguliwa. Mwenye HSA anabeba ukaguzi wake kichwani kwa miaka.

Ushauri wangu kwa mwenye HSA ni aombe barua hiyo hiyo hata kama hakuna aliyemdai. Kisheria, karatasi ya daktari ya kuandikiwa dawa pamoja na ugonjwa ulioandikwa kwenye faili lako vinatosha. Ila mtu uliyemwona mara moja kwenye simu miaka mitatu iliyopita humpati tena kirahisi.

Na hawa wa kwenye simu wanahitaji aya yao. Kampuni za matibabu ya mtandaoni hupenda kufunga kila kitu katika bei moja ya mwezi: daktari, dawa, ushauri wa lishe, programu ya simu, kikundi cha kutiana moyo. Mazungumzo na daktari ni gharama ya matibabu. Dawa ni gharama ya matibabu. Ada ya uanachama kwa ajili ya kuwa mwanachama tu, hiyo haina mguu wa kusimamia. Vyakula vya kupungua navyo havimo, kwa kuwa vinachukua nafasi ya chakula ambacho ungekula hata hivyo, na uanachama wa jimu kwa afya ya kawaida haumo pia. Machi 2024 IRS ilitoa onyo la wazi kuhusu kampuni zinazodai kwamba ukijaza dodoso na kulipa kidogo utapata barua ya daktari itakayogeuza chakula na mazoezi yako kuwa matibabu. Barua iliyotokana na uliyojisemea mwenyewe, ikasema IRS, haigeuzi kitu. Dodoso la dakika tatu halijawahi kuwa daktari.

Bima kukataa ni habari nyingine kabisa. Watu wengi huacha hapo, wakidhani kama bima imesema hapana basi na HSA itasema hapana. Bima inaangalia mkataba wake na mwajiri wako, kodi inaangalia ugonjwa. Unaweza kukataliwa na bima mara kumi na ukalipia kwa HSA kihalali. Usichoweza ni kulipwa mara mbili: sehemu iliyofidiwa na bima au kupunguzwa kwa kuponi ya kampuni huitoi kwenye akaunti. Unatoa ulicholipa kweli.

Lakini hapa ndipo hesabu yangu ya mwanzo inapopata doa, na hili silioni likisemwa vya kutosha. Ukinunua dawa nje ya bima, zile dola 349 za kila mwezi kwa kawaida hazihesabiki kwenye kiasi chako cha kujilipia. Chukua mtu mwenye HSA iliyojaa dola 4,400. Kufikia Oktoba ametumia 3,490 kwa sindano. Akiteleza kwenye barafu ya kwanza ya msimu akavunjika mguu, bima inamwambia bado hajajilipia hata senti mwaka huu, aanze sifuri. Akaunti iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya siku kama hiyo ina dola 910. Na sindano si ya mwezi mmoja. Katika utafiti mkubwa wa semaglutide, walioitumia kwa wiki 68 walipungua wastani wa takriban asilimia 15 ya uzito wao, na waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha walikuwa wamerudisha karibu theluthi mbili ya walichopunguza. Anayepanga kulipia kwa akaunti na apange kwa miaka, tena akiacha akiba ya mguu.

Kwetu sisi wenye mguu mmoja huku na mwingine nyumbani kuna maswali mawili ya ziada. La kwanza: naweza kumnunulia mama aliye Tanga? Hapana. HSA hulipia wewe, mwenzi wako na wanaokutegemea kwa maana ya sheria ya kodi, na mzazi asiye raia wa Marekani anayeishi Tanzania au Kenya hawezi kuingia kwenye kundi hilo, hata kama kila mwezi unamtumia pesa ya kula. Sheria inawakubali wakazi wa Marekani, Kanada na Mexico. Mama wa Mexico anaweza kuingia, wa Tanga haingii. Nimemweleza hivyo mzee mmoja akacheka kicheko kisichokuwa cha furaha.

La pili: huko nyumbani ni rahisi zaidi, naweza kuagiza? Dawa iliyoletwa au kutumwa Marekani kutoka nje kwa kawaida haihesabiki. Ila ukiwa likizo Mombasa, ukaandikiwa dawa, ukainunua na kuitumia huko huko, na dawa ni halali pande zote mbili, gharama hiyo inakubalika. Ile unayoirudisha kwenye begi haikubaliki. Na vile vichupa vya unga unaodaiwa kuwa dawa hizi, vinavyouzwa mtandaoni vikiwa na maandishi ya "kwa utafiti tu", tuviache kabisa. Kodi ni tatizo dogo zaidi kati ya matatizo yake.

Basi dada yangu alinitumia picha za risiti zake zote. BMI yake ilikuwa 33, ana presha, daktari wake wa kawaida alikuwa ameshaandika yote mawili. Dawa ilikuwa salama. Kilichotukwaza ni mistari mitatu iliyofanana, kila mmoja dola 99, imeandikwa uanachama na hakuna kingine. Nikamwambia aulize kampuni kama ndani yake kuna daktari. Wakamjibu kwamba daktari hutozwa kando, na kweli alikuwa ametozwa kando.

Pesa iliyotolewa kwa kudhani kwa nia njema kwamba ni halali inaweza kurudishwa bila faini, mradi benki ya akaunti inakubali kuipokea na uwahi kabla ya tarehe ya kodi ya mwaka unaofuata ule uliogundua kosa. Benki yake ilikuwa na fomu ya ukurasa mmoja. Akarudisha dola 297, akaenda duka la dawa akaomba lile chapisho refu la mwaka mzima lenye jina la dawa na namba ya kila chupa, akavitia pamoja na barua ya daktari kwenye mfuko wa plastiki, akaubandika kwa sumaku mlangoni mwa friji, kwa kuwa ndani ya friji ndimo sindano zinamokaa. Jioni akanitumia ujumbe mwingine wa sauti, huu mrefu, akiniuliza kuhusu FSA ya mumewe.